Santuri Zilizokwanguliwa Maneno

Nilikuwa napanda ngazi za jengo moja la Mchafukoge, natafuta fundi wa simu niliyeelekezwa, nikasimama katikati ya ngazi mkono ukiwa ukutani. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza, kabla ya sauti. Harufu ya vumbi lililopata joto, vumbi la ndani ya chombo cha umeme kilichowashwa kitambo, lenye utamu kidogo kama wa karanga zinazoanza kuungua. Halafu ikaja sauti: gitaa linalotetemeka kama maji kwenye ndoo inayobebwa kichwani, kinanda cha umeme kinachotembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika, na nyuma yao vijisauti vya mashine, twii, bwop, twii, kama ndege wa bati. Hapakuwa na mwimbaji. Nilisubiri aingie, kama ninavyosubiri siku zote, na hakuingia.

Mlango wa ghorofa ya pili ulikuwa wazi. Ndani alikuwepo kijana mmoja na mashine zake, amezipanga ukutani kama mama ntilie anavyopanga masufuria. Anauza santuri, ingawa kwa nilivyoona baadaye muda mwingi anazisikiliza tu mwenyewe. Akasema, "Karibu, anti." Nikamwuliza ile ni santuri ya enzi zipi. Akatabasamu kwa adabu.

"Hii mpya kabisa, anti. Wanaipiga makusudi isikike ya zamani."

Akanipa jalada niliangalie: bahari ya buluu isiyo na mwisho, jua la rangi ya papai, na mtu kasimama juu ya ubao katikati ya wimbi. Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa, kwa sababu mtu wa namna ile namfahamu. Nilimwacha zamani sana, ukumbini mwa nyumba moja ya Kariakoo.

Mliokulia Kariakoo wakati wangu mtaikumbuka nyumba ya aina ile, maana siku hizi zimebaki chache, na hapo ilipokuwa yetu pamesimama ghorofa la vioo linalouza vifaa vya simu. Tulipanga kwa Bi Salha, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Ukumbi mrefu wenye giza la ubaridi ulipita katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wake mwanga mkali wa uani, kwenye bomba, jiko la pamoja na kamba za kuanikia nguo. Mchana ukisimama mlango wa mbele uliwaona watu wa uani kama vivuli vinavyoogelea. Mama alishona barazani kwa cherehani ya miguu. Baba alikuwa mtu wa reli; alikuja nyumbani akiwa na usingizi, akaondoka akiwa na usingizi. Chumba kinachotazamana na chetu walikaa Mama Neema na mumewe, watu wa Kilimanjaro, wenye duka la jumla la sabuni na mafuta karibu na soko. Neema alikuwa rika langu. Mama alitushonea magauni kutoka kitambaa kimoja, kwa hiyo tukisimama pamoja tulionekana kama pazia lililokatwa katikati.

Jambo la nyimbo mnalijua, lakini acha nilieleze, maana nalo linapotea. Katika nyumba ile wimbo haukupigwa hivi hivi hewani. Ulikuwa na mtu wake. Mwanamke aliyekasirishwa na mwenzake hakumfuata mlangoni kumtolea maneno. Huko kulikuwa kukosa malezi. Aliweka kanda ya taarabu kwenye redio, akaipeleka mpaka ubeti anaoutaka, akaongeza sauti, kisha akaenda uani kufua kwa utulivu kama mtu asiye na habari. Ubeti ulimalizia kazi. Mlengwa alijijua. Kesho yake jioni kanda nyingine ilijibu kutoka dirisha jingine. Sisi watoto tulijua nani kasemwa kwa kuangalia shingo: ya anayesemwa husimama wima na haigeuki.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ubeti fulani ulipomwuma mke wa seremala, wa chumba cha mwisho. Alitoka jikoni na sufuria ya maharage yanayochemka akaimwagia redio ya jirani yake. Redio ililia kama paka, ikanyamaza moja kwa moja. Bi Salha aliwaita wapangaji wote. Alikuwa mama wa makamo mwenye asili ya Uarabuni, ukoo wao ulikuwa na maduka huko Mchafukoge, na sauti yake ndogo hakuwahi kuipandisha kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Alisema taarifa ya habari anaruhusu na mpira anaruhusu. Wimbo wenye maneno, nyumbani kwake basi.

Nyumba ikawa kimya. Mama yangu, aliyezoea kushona kwa kufuata muziki, alianza kukosea mishono. Alikuwa na gramafoni aliyoachiwa na babu, na sasa ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama mtu mgonjwa. Ndipo Mjomba Idi, kaka yake mama, alipokuja na lile boksi. Mjomba alikuwa akifungua marobota ya mitumba, na ndani ya robota la mapazia alikuta santuri zilizofungwa katikati ya vitambaa. Alizipeleka sokoni, zikamrudia. Kila aliyezisikiliza aliuliza mwimbaji yuko wapi. Akamwambia mama, "Chukua wewe, dada. Hizi hata Bi Salha hana la kusema, hazina mtu ndani."

Zilikuwa za ajabu, hata leo sijui niziite nini. Nyingine zilikuwa za magitaa yanayorushiana sauti kama watoto wanaorushiana maji. Nyingine za vinanda laini vya hoteli, na jalada lake mwanamke amekaa ndani ya kiti chenye umbo la yai, mkononi glasi iliyochomekwa mwavuli mdogo. Neema alisema mwavuli ni wa kuzuia mvua isiingie kwenye juisi, na nikaona ni jambo la akili sana. Nyingine hazikuwa na picha ya kitu, ni miduara tu ya rangi, na sauti zake zilitoka kwenye mashine tupu, zikibwabwaja na kupiga miluzi. Na ilikuwepo ile ya mtu juu ya ubao. Sisi tulimwelewa vizuri kabisa. Mvua kubwa zikinyesha, bonde la Msimbazi linajaa, na watu huonekana wamesimama juu ya milango yao iliyong'oka, wanaelea. Tulijua yule bwana kapatwa na mafuriko. Kilichotushangaza ni kwamba anacheka.

Na maneno? Hilo nililitatua mwenyewe. Niliitazama santuri karibu na dirisha nikaona mistari yake midogo midogo imezunguka, halafu mahali fulani kuna ukanda laini, mweusi, usio na kitu, kisha mistari inaendelea. Mtu yeyote anajua leo kwamba hapo wimbo mmoja unaishia na mwingine unaanza. Mimi niliamini hapo ndipo palipokuwa na maneno, na Mjomba Idi ameyakwangua kwa wembe ili kutii amri ya Bi Salha. Nilimwonyesha Neema. Alipitisha kidole pale palipo laini, polepole, akaniuliza maneno yenyewe yameenda wapi. Nikamwambia lazima yapo mahali, maana unga wa kukwangua haupotei, huanguka chini.

Mchana wa siku zile umebaki kichwani mwangu kama siku moja ndefu. Chakula kimeliwa, mkaa unazimika taratibu, uani kuna harufu ya mafuta ya nazi kwa sababu kuna anayesukwa nywele, na chumbani kwa Bi Salha udi unafuka. Mama anaweka santuri, dirisha wazi, anarudi barazani, na mguu wake unaanza kuisukuma cherehani kwa mwendo wa gitaa. Wanawake waliokuwa hawasemeshani wanakaa mkeka mmoja, kwa kuwa hapakuwa na ubeti wa kumwangukia mtu. Mimi na Neema tunalala chali ukumbini kwenye sakafu ya saruji iliyopoa, tunaangalia vumbi likipanda na kushuka kwenye mstari wa jua, na tunahisi nyumba nzima imeng'oka kama ule mlango na inaelea, Msimbazi yote maji, Kariakoo yote maji, sisi tunapita juu ya mapaa ya soko. Umeme ukipungua nguvu, muziki ulizama: gitaa linakuwa nene, kinanda kinaguna, kila kitu kinalala usingizi. Tulikuwa tunanyamaza tukisubiri. Umeme ukirudi nyumba ilipanda tena juu ya maji.

Baba Neema alikuwa na kicheko ambacho mtaa mzima ulikijua. Kilianza chini, kikapanda kwa kukatika katika, kwe-kwe-kwe, kikaishia kwenye kijimluzi. Alicheka akiingia mlangoni, kabla hata ya kuambiwa lolote la kuchekesha, na kwapani alikuwa na mkate. Sasa, upande wa pili wa ile santuri ya mtu wa mafuriko kulikuwa na wimbo ambao gitaa linasema maneno yake, linanyamaza, halafu mashine inacheka. Kabisa. Inaanza chini, inapanda kwa kukatika, inaishia kwenye mluzi. Mara ya kwanza tulipousikia Neema alikaa kitako. Siku hizo baba yake alikuwa hajaonekana nyumbani kwa muda, na sisi tuliambiwa kasafiri kufuata mzigo.

Watu wazima wote wa nyumba ile walijua mzigo wenyewe uko Magomeni na una chumba chake. Sisi hatukujua. Au niseme mimi sikujua. Neema alikuwa mtoto wa kusikiliza.

Kazi ya kurudisha maneno aliianzisha yeye. Alisema kama yamekwanguliwa basi tuweke mengine, tena ya kwetu. Tulilala pale chini, gitaa lilipoanza akajaribu hili na lile, mpaka akapata yanayokaa sawa kama kifungo kwenye tundu lake: "Baba njoo, chai inapoa. Baba njoo, chai inapoa." Gitaa linanyamaza. Mashine inacheka. Na sisi tunafumba macho, kwa sababu hapo, kwenye mchezo wetu, mlango unafunguliwa. Tuliimba kwa kunong'ona, maana wimbo wenye maneno ulikuwa umekatazwa na hatukutaka kufukuzwa.

Kisha ikaja ile alasiri. Mama Neema alikuwa ametoka tangu asubuhi. Nilimwona akirudi, miguu ina vumbi mpaka magotini na kanga ameifunga vibaya, yeye ambaye hata kwenda bombani alijitazama kwenye kioo. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa ametoka Magomeni kuona kwa macho yake. Mama alikuwa barazani na mteja, wanachekeana juu ya mkono wa gauni uliokatwa mfupi. Mama Neema alipokanyaga ukumbi, ndani, dirishani kwetu, gitaa likanyamaza na ile mashine ikacheka.

Alisimama. Nikaiona shingo yake ikisimama wima.

Hakugombana siku hiyo. Aliingia jikoni, akabeba jiko lake na makaa yakiwa bado na moto, akalihamishia nje ya mlango wake, peke yake. Mama alipomfuata kumwuliza vipi shoga, alijibiwa bila kutazamwa, na aliitwa Mama Zai, kwa jina langu mimi, siyo shoga tena. Hapo mama akajua kuna kitu kimevunjika. Alimwuliza amemkosea nini.

"Umenipigia santuri."

"Santuri? Shoga, mle hamna hata neno moja."

"Ndiyo. Wimbo wenye maneno ungenitukana kwa jambo moja. Huu umenitukana kwa yote. Hata neno hukuona ninastahili, umenicheka tu."

Mama alikuja chumbani akakaa kitandani na uzi bado uko mdomoni. Ulikuwa mtego usio na pa kutokea. Ungekuwa ubeti, angeweza kuusema, angeapa kwamba haukumlenga, angetafuta mashahidi. Utaapaje juu ya wimbo usiosema kitu? Kila alivyozidi kueleza kwamba hauna maana, ndivyo maana ilivyozidi kuwa kubwa. Nyumba yenyewe ikagawanyika. Mke wa seremala, ambaye kwa mambo haya alikuwa na uzoefu, alisema kwamba amesikia vijembe vingi maishani lakini hicho ni kipya, ni cha hali ya juu, na alimtazama mama kwa heshima mpya iliyomwudhi mama kuliko matusi.

Neema akakatazwa kuvuka ukumbi. Tulikaa kila mmoja mlangoni kwake, magauni yetu yale ya kitambaa kimoja, tukinyoosha miguu mpaka vidole karibu vigusane. Gramafoni ilirudi juu ya kabati, ikafunikwa. Halafu nikamsikia Mama Neema akimwambia Bi Salha kwamba hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemcheka, kwa hiyo bibi achague, atoke yeye au watoke wale. Mama alikuwa mwepesi wa kununa lakini hakuwa na pa kwenda, baba yuko safarini, wateja wake wote mtaa ule. Sikuogopa barabara wala kulala nje. Niliogopa kwamba kwa vyovyote Bi Salha atakavyochagua, mimi nitampoteza Neema, na hapakuwa na mtu mzima wa kuliona hilo.

Bi Salha hakuchagua. Alisema hahukumu kitu asichokisikia. Baada ya sala ya alasiri gramafoni ililetwa uani, waya umepitishwa dirishani, ikawekwa juu ya kigoda karibu na bomba. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Mama upande huu, Mama Neema upande ule, wote wamefunga vilemba vizuri kama wanakwenda harusini. Bi Salha aliketi kwenye kiti chake cha kukunja akasema iwekwe ile yenyewe, na kila mtu aseme kwa ukweli anasikia nini.

Mama akaweka sindano. Vumbi likapata joto, harufu ile ikatoka, gitaa likaanza kutetemeka kwenye jua la uani, na kwa kitambo watu walisahau kilichowaleta. Bi Salha mwenyewe alifumba macho. Alisema anasikia pampu ya maji ya shamba la baba yake, ilikuwa inagoma hivyo hivyo kabla ya kuwaka. Mke wa seremala alisema anasikia mume wake akipiga randa, na kwamba hata hapa hampumzishi, watu wakacheka. Mama alipoulizwa alisema yeye husikia raha tu. Lilikuwa jibu la kweli na baya kuliko yote, na Mama Neema alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Mnaona," alisema. "Raha."

Ndipo gitaa lilipofika kwenye zamu yake. Neema alikuwa amekaa karibu na miguu ya mama yake, macho yake kwenye santuri inayozunguka. Sidhani kama alikusudia. Midomo ilikuwa imezoea tu. Akaimba, siyo kwa kunong'ona sasa, kwa sauti yake yote ndogo: "Baba njoo, chai inapoa. Baba njoo, chai inapoa." Gitaa likanyamaza. Mashine ikacheka, ikapanda kwa kukatika katika, ikaishia kwenye mluzi, na Neema akageuka kuangalia mlango wa ukumbini.

Hakuna aliyemkumbusha kwamba nyimbo zenye maneno zimekatazwa. Mama Neema alimshika bega.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Tumeyaweka sisi, mama. Yalikuwa yamekwanguliwa." Akaonyesha gramafoni kwa kidole. "Huyo anayecheka ni baba. Hapo ndiyo anaingia."

Santuri iliendelea mpaka mwisho, ikabaki inakwaruza peke yake, kwa kuwa mama hakuinuka kuitoa sindano. Mama Neema alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalimtikisika, na mimi nikadhani anacheka. Baada ya muda, bila kufunua uso, aliomba irudiwe. Mama aliirudisha. Safari hii gitaa lilipoanza zamu yake nilimsikia Mama Neema ndani ya kanga akiimba pamoja na mtoto, maneno yale yale, chini kwa chini. Ilipofika kicheko alifunua uso akasikiliza kama mtu anayehakikisha sarafu. "Ndicho," alisema. "Ndicho kicheko chake kabisa." Bi Salha alikunja kiti chake akaingia ndani. Hakutoa hukumu yoyote. Mama alivuka mkeka, na jioni ile jiko la Mama Neema lilirudi mahali pake jikoni, limebebwa na mama yangu.

Nilidhani nimeshinda. Kwa kipindi kifupi tulivuka ukumbi tupendavyo, na gramafoni ilirudi dirishani. Lakini Mama Neema alikuwa amesikia kitu pale uani ambacho hakuweza kukiacha. Alimwambia mama, mimi nikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwamba Magomeni angeivumilia, wanawake wengi wameivumilia. Hataweza kuvumilia mtoto wake kulala sakafuni akimsubiri baba atoke ndani ya mashine. Alikuwa anarudi kwao mlimani, kwa mama yake, akaanze upya na Neema.

Siku ya kuondoka, gari la mizigo lilisimama nje likiwa linaunguruma. Mimi na Neema tulikuwa tumeisikiliza santuri asubuhi ile mara nyingi, tumelala sakafuni na viatu vya safari miguuni mwake. Mama Neema aliingia chumbani kwetu akiwa amevaa koti, la baridi ya kwao, jasho linamtoka. Alimwita mama shoga. Akaomba apewe ile inayocheka.

"Utaipigia nini, shoga, huko hamna gramafoni."

"Sitaki kuipiga. Nataka mtoto ajue ninayo."

Mama alikuwa analia na dereva anapiga honi. Alichukua jalada la mtu wa mafuriko, akapapasa akahisi santuri ndani, akampa. Neema alipandishwa mbele, katikati. Nilimwona akigeuka, gauni lake, halafu kioo kikawa jua tupu. Niliporudi ndani, gramafoni ilikuwa bado imewaka, na juu yake, inazunguka kimya kimya baada ya wimbo kwisha, ilikuwa santuri ile ile. Ndani ya jalada tulikuwa tumeingiza nyingine wakati wa kucheza, ya vinanda vya hoteli nadhani. Tulikimbia mpaka barabara ya Msimbazi, mama bila kanga ya kichwa. Gari lilikuwa limeshaingia kati ya magari mengine, na barua ya kueleza jambo kama lile mama hakujua aipeleke wapi.

Hivyo Neema aliondoka na yule bwana wa ubao, mimi nikabaki na kicheko. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuzunguka, Tanga, Mwanza, Kigoma, Mbeya, kazi hii na ile, sikukaa mahali mpaka majirani wakanizoea. Watu huniuliza ninatafuta nini. Mama alipofariki nilikuta santuri chini ya godoro, imefungwa kwenye foronya, na tangu hapo nimehama nayo, haina jalada wala pa kupigia. Moshi nimepita, nimeshuka stendi, nimesimama na begi langu nikiangalia wanawake wa umri wangu wakinunua ndizi. Sikumwuliza mtu. Ningeuliza nini? Nimewaza mara nyingi siku waliyofungua lile jalada kwa jirani fulani mwenye gramafoni, Neema amesimama tayari kuimba, na kikatoka kinanda cha mwanamke wa kiti cha yai, kinatembea tu taratibu, hakimchekei mtu.

Kesho ya siku ile niliyopanda ngazi nilirudi Mchafukoge na foronya. Kijana aliipokea santuri kwa mikono miwili, akaifuta kwa kitambaa laini kwa kuzungusha, hakuuliza jalada liko wapi. Iliruka kidogo mwanzoni. Kisha gitaa likatetemeka, chumba kikang'oka polepole, na zamu ilipofika nikajikuta naimba, mtu mzima mimi, kwenye kiti cha watu. Mashine ikacheka. Kijana akaniangalia.

"Kumbe ina maneno?"

"Iliwekewa," nilimwambia. Nikamwomba aigeuze spika, iangalie dirishani, kwenye mtaa.

Aliigeuza, akafungua dirisha, na kelele za chini zikaingia, mikokoteni, honi, mtu anatangaza soksi. Akashika kitufe cha sauti, akatabasamu, maana hata vijana wa leo hilo bado wanalijua. "Unamrushia nani, anti?"

"Ongeza kwanza."

Akaongeza. Gitaa lilitoka dirishani likashuka barabarani, na kicheko kikalifuata. Chini, kwenye kivuli cha jengo la pili, mwanamke mmoja mwenye mfuko wa vitunguu alisimama. Shingo yake ilisimama wima. Kisha akainua uso, akatafuta dirisha moja baada ya jingine mpaka akatufikia. Hakuwa yeye. Alihamishia mfuko mkono mwingine akaendelea na njia yake.

Nikamwambia kijana airudishe mwanzo.